Mama Dodoso na Tisini na Wanne wa Nje ya Geti

Katika ofisi ya taifa ya takwimu, ghorofa ya pili, chumba cha mwisho ukishapita choo, alikaa mama mmoja ambaye kila mtu alimwita Mama Dodoso. Jina lake la kwenye cheti cha kuzaliwa walilijua watu wa mishahara tu. Dodoso, kwa asiyeijua kazi hiyo, ni ile karatasi ya maswali anayokuja nayo karani mlangoni kwako: mko wangapi, mnapikia nini, maji mnachota wapi. Mama huyu alibisha hodi na karatasi hizo kwa miaka thelathini na moja. Alikimbizwa na mbwa, alikaribishwa chai, alidhaniwa mtu wa kodi, na mara mbili aliposwa hapohapo mlangoni, pete ya ndoa ikiwa kidoleni.

"Na majibu yao niliyaandika yote," alikuwa akisema. "Hata ya yule wa pili. Hali ya ndoa: hana mke, ila anatafuta."

Alikuwa mfupi, mnene kiasi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na kwenye mkoba hakukosa penseli nne, kwa sababu kalamu ya wino, alisema, hukauka ukifika kwa mtu mkali. Kwenye namba hakuwa na dogo. Ukimwambia watu wengi walikuja harusini, anakuuliza, wengi wangapi? Ukimwambia umeteseka foleni siku nzima, anataka kujua ulifika saa ngapi na ulitoka saa ngapi. Ungemchukia, wallahi, kama asingekuwa anakuuliza huku amekushika mkono na kukusikiliza mpaka mwisho. Mumewe alikuwa fundi cherehani, kibanda chake kiko chini ya nyumba yao. Yeye alikuwa akiwaambia wateja, "Mimi nina futi kamba mbili. Moja ninaivaa shingoni, nyingine nimeioa."

Miguu ilipoanza kumvimba, ofisi ilimtoa kwenye kazi za kutembea. Akabakiwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla ya kustaafu, na akapewa dawati ambalo halikutakiwa na mtu: dawati la shule. Kazi ya dawati hilo, tangu lianzishwe, ilikuwa kufunga vifurushi. Kila mwaka shule zilitumiwa mabango ya ukutani na kitabu kinene cha majedwali, basi, imetoka hiyo. Hakuna aliyewahi kwenda kuona vinafanya nini huko.

Mama Dodoso akaenda. Katika shule ya kwanza tu, alikuta kitabu cha mwaka ule kwenye chumba cha walimu, kimekaa vizuri kabisa, chini ya mguu mfupi wa meza. Alicheka mpaka akatoa miwani kujifuta machozi. Halafu, akiwa njiani kurudi, hasira zikampanda.

Mkurugenzi wa ofisi alikuwa kijana wa miaka thelathini na nane, na huyu mama ndiye aliyemfunza kazi. Zamani hizo, alimkuta amekaa kivulini anajaza madodoso ya nyumba ambazo hakuzifikia, akayachana yote mbele yake na kumrudisha akabishe hodi moja baada ya nyingine. Mkurugenzi hakulisahau jambo hilo. Kila mama huyu alipoingia ofisini kwake, alijikuta anakaa wima.

"Mwanangu," mama alimwambia siku hiyo aliporudi kutoka shuleni, "watoto tunawapa chakula kilichokwisha kutafunwa. Jedwali la kwanza, jedwali la pili, kariri. Wao wanadhani namba zinaota zenyewe. Waache wahesabu kitu chao, cha shuleni kwao, kinachowagusa. Tuwafunze kuuliza, kujumlisha, kuchora, na kukisoma walichochora. Akishajua namba inapikwaje, huyo hadanganywi kirahisi."

"Mama, bajeti..."

"Nipe shule tano na gari siku ya Jumatano. Bajeti sijaiomba."

Akapewa. Nadhani aliogopwa zaidi kuliko alivyoaminiwa, lakini alipewa.

Hapo ndipo maisha yake yalipoanza upya, na hilo halikujificha kwa yeyote aliyemwona Jumatano asubuhi akishuka garini na mkoba wake kama bibi harusi. Shule aliyoipenda kupita zote ilikuwa ile ya pembeni mwa mji, yenye uwanja mkubwa wa saruji na wanafunzi mia sita na watano. Aliwapenda watoto wa kikundi chake cha takwimu, naye mwalimu wa hesabu, kijana mwenye aibu aliyekuwa akiongea na ubao, aliwapenda pia ila hakujua pa kuanzia. Mama alimwonyesha. Aliingia darasani na tangazo la sabuni alilolikata gazetini: watu wanane kati ya kumi wanaipenda sabuni hii. Akalibandika ubaoni, akakaa kitini kusubiri.

"Kumi gani?" mtoto mmoja akauliza baada ya muda.

"Ehee!" Mama Dodoso akaruka kwenye kiti, miguu na uvimbe wake. "Rudia, baba, wasikie wote. Kumi gani?"

Basi kwa wiki tatu shule nzima haikulala wala haikukalika. Mwalimu akisema darasa lote linapiga kelele, anaulizwa, lote ni wangapi? Mwalimu Mkuu, mama mrefu mwenye sauti ya kengele, alilalamika kwamba wanafunzi wake wamekuwa mawakili.

Lakini Mwalimu Mkuu huyohuyo ndiye aliyewapa kazi. Mitihani ilikuwa inakaribia, naye alitaka kengele ya asubuhi iwe saa moja kamili badala ya saa moja na nusu, apate kipindi cha ziada. Kamati ya shule ilitaka kwanza kujua kama wanafunzi wataweza. Kikundi cha takwimu kikakabidhiwa swali: mwanafunzi anatembea dakika ngapi kuja shule?

Walilifanya swali hilo kwa adabu zote. Walitunga dodoso, wakalijaribu, wakalirekebisha. Kabla ya kwenda kuuliza, Mama Dodoso aliwapa kanuni aliyoibeba tangu sensa yake ya kwanza, kanuni ambayo angeweza kuitamka hata akiwa na homa: "Aliyepo ndiye anayehesabiwa. Asiyekuwepo usimkisie, usimuulizie kwa jirani. Andika hayupo, songa mbele."

Wakasonga. Asubuhi moja, wanafunzi wakiwa mstarini baada ya kengele, waliwauliza wote waliokuwa pale, mia tano na kumi na mmoja. Wastani ukatoka dakika kumi na nane. Wasiokuwepo: tisini na wanne. Watoto wakachora chati nzuri, ya rangi, mpaka mwalimu wa hesabu akaitazama kwa muda mrefu na kusahau kuona aibu. Mama Dodoso akapitia kila hesabu, akatia sahihi, na kwa mbwembwe kidogo, jamani tumsamehe, akagonga na muhuri wa ofisi ya taifa. Kamati ilipangwa kukaa Ijumaa. Mkurugenzi mwenyewe angekuja, na akiridhika, shule tano zingekuwa hamsini.

Jumatano ya wiki hiyo gari la ofisi lilipata pancha. Kwa mara ya kwanza Mama Dodoso alifika shuleni akiwa amechelewa, saa mbili kasoro dakika chache, akakuta geti limefungwa.

Nje ya geti, ukutani, wamekaa watoto. Jicho lake likahesabu lenyewe kabla hajaliambia: tisini.

"Hawa wana nini?" akamuuliza askari wa geti.

"Wachelewaji, mama. Kengele ikilia nafunga. Baada ya nusu saa nafungua mara moja, wanaingia kuchukua adhabu yao. Atakayefika nikishafunga mara ya pili, anarudi kwao."

"Na wako hivi kila siku?"

"Kila siku ya Mungu. Sura zilezile."

Wakati huohuo akatokea msichana mwembamba, anakimbia, viatu mkononi, kifua kinapanda na kushuka. Askari akacheka. "Jogoo huyo! Leo umewika?" Wenzake wakacheka nao, kicheko cha watu waliozoea. Ndilo jina walilompa kwa sababu hakuna siku aliyowahi. Msichana akatabasamu kidogo, akakaa wa tisini na moja.

"Binti," Mama Dodoso akamwinamia, "dodoso la mwezi huu, la dakika za kutembea. Ulilijaza?"

"Shikamoo, mama. Dodoso gani?"

Geti likafunguliwa. Watoto wakasukumana ndani, wakapelekwa moja kwa moja kuokota taka. Mama Dodoso akabaki amesimama pale nje na penseli zake nne. Kengele ikiwa saa moja, geti lingefungwa mara ya pili saa moja na nusu, na watoto hawa kufika ni karibu saa mbili. Wasingechelewa tena. Wasingeingia kabisa. Na karatasi iliyokuwa inakwenda kuwafungia ilikuwa na muhuri wake.

Jioni alishuka kwa mumewe kibandani. Fundi alikuwa anakunja pindo la suruali, akamwona usoni, akasimamisha cherehani.

"Nani kafa?"

"Mimi," akasema, akakaa kwenye kiti cha wateja na kumweleza yote. "Miaka thelathini na moja, mume wangu. Nimewauliza watu wa mstarini wanatumia dakika ngapi kuwahi mstarini! Mtoto wa chekechea angeona. Nikasema asiyekuwepo aandikwe hayupo, nikasonga mbele. Watu tisini na wanne, nikawaandika kama wagonjwa wa tumbo." Akafuta miwani, akaivaa, akaivua tena. "Nikilisema mbele ya kamati, mkurugenzi ataaibika. Hamsini haziji. Nitastaafu nikiwa yule mama aliyekosea. Nikinyamaza, hakuna atakayejua."

Fundi akaigeuza ile suruali mikononi. "Umekata nguo kwa kipimo cha mtu mwingine," akasema. "Mwenyewe keshaivaa?"

"Ijumaa."

"Basi bado iko mezani. Fumua, mke wangu. Mimi nafumua kila wiki, na wateja bado wanakuja. Ila uzi nautukana sana." Akamvuta karibu, akampangusa machozi shavuni kwa mkono wake wenye chaki ya kukatia nguo, ikawa mbaya zaidi, wakacheka wote wawili. Mama Dodoso alipanda ngazi akiwa na hofu ileile, lakini alikuwa amekwisha kupiga moyo konde.

Alhamisi, bila gari, alikwenda kwa miguu yake iliyovimba, akawaita watoto wa kikundi.

"Ripoti yetu ina kosa, na kosa ni langu."

Msichana aliyechora chati akasema, karibu alie, "Lakini mama, wewe ndiye uliyesema aliyepo ndiye anayehesabiwa."

"Ndiyo. Kanuni hiyo ni ya usiku wa sensa, mtu kalala kwake, karani anamfuata. Mimi nikaileta kwenye mstari wa asubuhi, ambako mtu hayupo kwa sababu ileile tunayoiuliza. Mmenielewa?"

Mwalimu wa hesabu ndiye aliyeelewa kwanza, akajipiga paji la uso. Kisha wakaelewa mmoja mmoja, na ilikuwa raha na maumivu kuwatazama. Siku ile hawakutumia mstari. Walichukua daftari za mahudhurio, darasa kwa darasa, wakamtafuta kila mwenye jina, hadi waliokuwa nyumbani wanaumwa wakatumiwa wenzao wa jirani. Saa kumi jioni walikuwa na mia sita na watano, wote.

Ijumaa kamati ilikaa maktaba. Mwenyekiti, mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa na ripoti mbele yake, muhuri umeng'aa. Mwalimu Mkuu yuko kuliani kwake. Mkurugenzi kavaa tai. Mama Dodoso hakusubiri aitwe.

"Ripoti hiyo naiondoa," akasema akiwa wima. "Tuliwauliza waliowahi tu. Waliofungiwa nje hatukuwauliza. Kosa si la watoto wala la mwalimu wao. Ni langu, na muhuri niliugonga mimi."

Mkurugenzi akaitazama meza. Mama Dodoso aliliona hilo, likamchoma, akaendelea kusimama.

"Sawa, mama, binadamu tunakosea," mwenyekiti akasema. "Wastani mpya ni ngapi?"

"Dakika ishirini na tano."

"Aaa! Si bado ni hapahapa tu! Kutoka kumi na nane hadi ishirini na tano, kwa hilo ndio ututoe roho? Mimi nilisoma kwa kutembea zaidi ya hapo." Kamati ikacheka.

"Mwenyekiti, naomba tutoke nje. Dakika tano, nitazipima."

Uwanjani, watoto walikuwa wamechora mistari ya chaki kwenye saruji, kila mstari dakika kumi. Mwalimu wa hesabu akapuliza filimbi, na wanafunzi mia sita na watano, waliohudhuria kwa miguu yao na watatu wagonjwa waliowakilishwa na wenzao, wakaenda kusimama kila mmoja kwenye dakika zake. Kwenye mistari ya mwanzo wakajazana, wanakanyagana, wanachekeana. Kuanzia wa tatu wakapungua. Kisha palikuwa na saruji tupu, hatua nyingi. Na kule mwisho, kupita mstari wa sita, kundi limesimama peke yake, watoto sabini na wawili.

"Wastani wako ni pale, mwenyekiti, baada ya mstari wa pili," Mama Dodoso akasema. "Walio pale hawana shida. Wachelewaji ni tisini na wanne. Ishirini na wawili wanakaa karibu, ni usingizi tu, wamekiri wenyewe, hao wapeni taka waokote. Lakini wale kule hakuna anayetembea chini ya saa nzima. Kengele ikilia saa moja, geti litafungwa mara ya pili hawajafika. Kila siku."

Chaki ilikuwa imewaishia watoto kwenye mstari wa nane. Jogoo alikuwa ameupita huo, amesimama peke yake chini ya nguzo ya mpira wa wavu, mikono nyuma.

Mwalimu Mkuu aliuvuka uwanja ule mzima kumfuata. Alimjua vizuri. Alikuwa amemwadhibu muhula mzima.

"Wewe huwa unaamka saa ngapi?"

"Saa kumi, mwalimu."

"Saa kumi ya alfajiri?"

"Ndiyo, mwalimu. Nachota maji, nampikia bibi, hawezi kuinuka. Halafu nakaa mlangoni na begi langu nasubiri kupambazuke. Bibi hataki nitoke na giza, na kule kwetu hakuna mtoto anayetoka na giza. Kukipambazuka natoka mbio. Ni dakika themanini na nane, jana tumezihesabu."

Mwalimu Mkuu akamwinamia. Sauti ya kengele ikamtoka kidogo sana. "Na kwa nini hukuniambia?"

Msichana alifikiri kwanza, maana alitaka kujibu sawasawa. "Hakuna aliyeniuliza, mwalimu."

Mwenyekiti alikuwa amefika nyuma yao, amesikia. Akaikunja ile ripoti mara mbili, akaiweka mfukoni. "Suala la kengele limekufa," akasema bila kumtazama mtu. "Mwalimu, tuingie ndani tuzungumze habari ya geti." Mwalimu Mkuu hakuingia mara moja. Alichukua begi la Jogoo lililokuwa chini, akalipangusa vumbi, akamvalisha begani taratibu kama anayemvalisha mwanawe.

Mkurugenzi alimpeleka Mama Dodoso pembeni. "Mama, ripoti yenye muhuri wetu ikiondolewa lazima niitolee taarifa. Hizo hamsini mwaka huu hazitapita. Sidhani nitaweza kuzitetea."

"Najua, mwanangu."

"Na mwakani hutakuwepo."

"Hilo nalo najua." Macho yakamjaa, hakuyaficha. Alikuwa amezitaka sana zile hamsini.

Mkurugenzi akalegeza tai, akatazama mistari ya chaki, watoto wakiwa wanaifuta kwa nyayo zao. "Basi liandike," akasema. "Kosa lote, tangu mwanzo, usiruke hata ile aibu. Siku zikija hizo shule, somo la kwanza liwe hilo. Mimi mwenyewe nitalifundisha, kama utanikagua."

"Nitakukagua," akasema Mama Dodoso, "na ukikaa kivulini nakuchana."

Akaenda kukaa kwenye ngazi za maktaba, miguu inamuuma kweli sasa, akatoa daftari aanze palepale. Hakufika mstari wa pili. Kivuli chembamba kikamwangukia kwenye karatasi.

"Mama," Jogoo akasema, "ile karatasi yenu ina swali moja tu. Dakika ngapi."

"Ndiyo. Ulitaka iwe na nini?"

"Basi tu. Njiani kuna mambo mengi."

Mama Dodoso akageuza ukurasa mpya, akasogea kumpa nafasi ya kukaa. "Haya, mwanangu, nakuuliza," akasema. "Anzia pale mlangoni, ukiwa umekaa na begi lako."

Na msichana akaanza kusimulia, polepole, huku yule mama akiandika kila neno.